Mita Kumi Kutoka Ukutani

Ilitangazwa, kwa karatasi yenye muhuri wa bluu iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa na kwenye kila nguzo iliyokubali gundi, kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ule ni marufuku kwa mtu yeyote kuwasha moto uani kwake au nje ya nyumba yake, ndani ya mita kumi kutoka kwenye ukuta, uzio au paa lolote. Atakayewasha nje ya mita hizo hatahitaji kibali, ila awe na maji, mchanga na mtu mzima wa kuuangalia. Mifugo yote iondolewe kwanza. Agizo hili, tangazo lilimalizia, halina msamaha wala ubaguzi.

Mtaa wetu haukuwa na mifugo, ukiacha paka wawili waliokataa kumilikiwa. Ulikuwa na dobi mmoja, na kila aliyemaliza kusoma karatasi ile aligeuza shingo kuelekea nyumbani kwake.

Tulimwita Mama Mvuke. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akichemsha nguo katika pipa la chuma lililokatwa nusu na kukalishwa juu ya matofali. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na pipa, mti wa kukorogea na tabia ya kutomwamini mtu anayekunja shuka kabla haijakauka. Wateja wa majumbani walishanunua mashine zao. Aliyebaki ni zahanati ya wazazi, ambayo nayo ilikuwa na mashine, yenye taa nyingi na maji yasiyovuka uvuguvugu. Mkunga mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuwa amesema hamlazi mzazi kwenye shuka ya uvuguvugu. Kwa hiyo kila asubuhi mafurushi mawili yalifika kwa mkokoteni. Moto ukikatazwa, mafurushi yangekoma, na Mama Mvuke hakuwa na kazi nyingine wala hakuwahi kuitafuta.

Ni haki kusema kwamba mwanamke huyu aliuogopa moto kuliko ofisi nzima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu toka kifundo hadi kiwiko, ukumbusho wa siku moja ya ujana wake alipokoroga pipa akiwa amevaa nailoni. Tangu hapo alijitungia sheria zake, ambazo hakuzibandika popote. Kabla ya kuwasha, alitundika foronya moja kavu kwenye kamba. Ikining'inia, anawasha. Ikiinuka na kulala sawa na kamba, hawashi, hata mkunga aje mwenyewe. Ndoo mbili za maji zilikaa upande upepo unakotoka, maana ndoo iliyo nyuma ya moto haimfai mtu. Kazi ikiisha aliumwagia moto maji, akakoroga jivu, akamwagia tena, kisha akalaza nyuma ya kiganja chake juu ya jivu na kuhesabu hadi thelathini. "Bado," alimwambia wifi yake, msaidizi wake wa siku zote, na ndoo nyingine ililetwa.

Tarehe mbili alikuja afisa wa ukaguzi, kijana mpole ambaye mtaa ulimwita Bwana Futi kwa sababu hakuonekana bila futikamba yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Usikanyage shuka."

Alipima urefu wa ua, akapima upana, akapima pembe kwa pembe, akaandika, akafuta.

"Mama, hapa hamna mita kumi."

"Hata mimi najua. Ndimi ninayepafagia."

"Basi moto hauwezekani."

"Na huo unaowaka?"

Bwana Futi aliuangalia. Ulikuwa ukiwaka vizuri.

"Namaanisha hauruhusiwi."

"Sasa hapo umesema. Na mifugo je?"

"Mifugo ipi, mama?"

"Ya kwenye karatasi yenu. Mimi sina hata kuku. Nikaazime kwa nani, niiondoe, halafu niirudishe?"

Wifi, aliyekuwa akikamua shuka, ghafla aliona jambo la kuvutia sana ukutani.

Chanzo cha mifugo ile karani wa ofisi alikuja kukikiri baadaye, bila kuteswa na mtu. Aliagizwa aandike tangazo la moto kabla ya saa sita mchana. Kabatini kulikuwa na faili moja tu lenye neno moto, nalo lilihusu kuchoma mabaki ya mashamba. Akalinakili. Kila penye "shamba" akaweka "ua", mita kumi akaziacha kwa kuwa zilikuwa namba nzuri, na mifugo ikampita. Mkuu wa ofisi akagonga muhuri, kwa vile ulikuwa tayari mkononi.

"Nakupa siku tatu," alisema Bwana Futi. "Siku ya nne nakuja na watu, pipa tutalichukua. Mimi natumwa tu, mama."

"Najua. Waliokutuma wasalimie."

Alipoondoka, wifi alikaa juu ya furushi. "Wifi, twende tukawaombe. Tupige magoti kidogo, hayatavunjika."

"Niombe nini? Nimeunguza nyumba ya nani?"

"Ya mtu hakuna. Lakini hawa ni wakubwa."

"Basi watatii karatasi yao vizuri kuliko sisi. Lete ile kamba ya kuanikia."

Fundi cherehani wa jirani alimpimia mita kumi kamili na kufunga fundo. Siku mbili zilizofuata, shuka zikishaanikwa, Mama Mvuke alipita mtaani na kamba yake, wifi akishika ncha ya pili kwa uso wa mtu aliyelazimishwa. Waliouliza wanatafuta nini walijibiwa: "Sheria. Nimeambiwa ipo." Hawakuikuta kwenye ua wowote. Hawakuikuta njiani, wala nyuma ya maduka. Mahali pamoja tu kamba ilizunguka pande zote bila kugusa ukuta, uzio wala paa: katikati ya uwanja wa mbele ya ofisi ya mtaa.

Asubuhi ya siku ya nne pipa lilibingirishwa barabarani, likifuatwa na matofali, ndoo, mchanga na sisi tusio na kazi. Bwana Futi alikwenda na watu wawili kulichukua, akakuta ua umefagiwa. Aliporudi kutoa taarifa, pipa lilikuwa uwanjani kwa mwajiri wake, linatokota.

Mkuu wa ofisi alitoka. "Mama, huu ni uwanja wa serikali."

"Ndiyo, mzee. Na tangazo pia."

"Ondoa hilo pipa."

"Niandikie niliondoe kwa kosa gani. Maji haya hapa, mchanga ule, mtu mzima ni mimi. Mifugo sijaiona, labda mmeiweka ndani."

Mkuu alimgeukia Bwana Futi. "Pima."

"Nimeshapima, mkuu. Kumi na nusu."

"Pima tena."

Alipima tena. Nusu ilikuwa palepale.

Uani kwake, ukuta ulizuia upepo. Uwanjani upepo ulijiamulia. Foronya, iliyotundikwa kwenye kijiti, iliinama kidogo tu, ndani ya sheria yake, ikielekea madirisha ya ofisi, na moshi ukaifuata. Kwa siku tano watu walioingia kuomba barua walitoka wakikohoa, na wengine walitoka bila barua. Siku ya sita mkuu alikuja hadi kwenye pipa, macho mekundu, sauti ya chini.

"Mama, rudi tu nyumbani. Washa kama zamani, kimyakimya. Hatutakuona."

"Hapana, mzee. Ukihamishwa wewe, atakuja mwenye macho. Nataka karatasi."

"Tangazo haliwezi kufutwa ovyo."

"Sijasema ulifute. Mimi kuni ninazo za mwezi mzima."

Wifi, aliyekuwa ameanza kupazoea, aliongeza kipande.

Karatasi iliandikwa mchana huohuo. Ilisema dobi anaruhusiwa, kwa muda, kuchemsha nguo uani kwake kwa masharti yafuatayo. Na kwa kuwa ofisi haikuwa na masharti ya aina hiyo, Mama Mvuke aliyataja mwenyewe huku karani akiandika: foronya, ndoo upande unakotoka upepo, nailoni marufuku, nyuma ya kiganja hadi thelathini. Mkuu alitaka iwe ishirini. Alikataliwa.

Tangazo halikubanduliwa. Jumatatu iliyofuata karani alipiga hodi kwa Mama Mvuke akiwa na furushi: mapazia ya ofisi, madirisha sita, ya kuchemshwa.