Nusu Siku na Mama Mkwe

Juzi binti yangu wa kwanza aliniwekea simu mbele ya macho, nami nikiwa katikati ya kula. "Papa, ona hii." Kulikuwa na picha za watu waliovaa kofia ngumu, wanaendesha pikipiki kwenye matope, wananing'inia kwenye waya juu ya miti, halafu wanaruka mtoni meno yote nje. Nusu siku ya msituni, akaniambia, na watu wanatoa dola kwa ajili ya hiyo. Dola! Nikamwambia mimi niliifanya bure wakati wa vita, tena nikiwa na koko yake, mama wa mama yake, nyuma ya baiskeli. Alicheka mpaka akashika tumbo, akataka nimsimulie. Nilimpa kipande kinachochekesha. Kilichobaki nilikimeza pamoja na chakula changu, na ndicho kinachonifanya nishike kalamu leo.

Mimi ni mtu wa milimani. Wazazi wangu walishuka kutoka Kivu ya Kaskazini na marobota ya nguo, wakafungua duka hapa Kisangani, na maji sisi tuliyajua kwenye sufuria na kwenye beseni la kuogea. Mke wangu ni wa mtoni, watu wa Yanonge, wavuvi watupu. Kwao mtoto anaogelea kabla hajajua kutukana. Nilipokwenda kuomba uchumba, baba yake mdogo aliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Weye unajua maji?" Kwao hilo ni swali kubwa, kwa sababu mkwe ndiye anayetumwa ng'ambo kukiwa na msiba au ugonjwa. Ningesema nini? Msichana mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, ananitazama kwa chini. Nikajibu, "Ninajua, papa. Sana." Wakapiga makofi. Nilijiambia nitajifunza kidogo kidogo, kabla mtu hajagundua. Sikujifunza.

Jambo la pili ni lile la bokilo. Sisi tunasema mkwe, wao wanasema bokilo, na heshima yao ni kali kuliko yetu. Mama wa mke wako humgusi. Humwangalii usoni. Huli mbele yake. Ukiwa na neno la kumwambia, unamwambia mtu wa tatu, naye anasikia kana kwamba anapita tu. Mimi niliishika sheria hiyo kwa furaha kabisa, maana mama yule alinitisha. Alikuwa mkunga wa mtaa wetu wa Lubunga, mikono yake imepokea watoto wasio na idadi, na hakuwa mtu wa maneno matamu.

Baada ya mabomu ya vita hiyo, duka la wazazi wangu lilibaki kuta nne na mlango. Mimi nikawa toleka, yaani mwenye baiskeli ya kubeba watu na mizigo. Mke wangu, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, nilimpeleka shambani kwa dada yangu mkubwa, ndani ya msitu upande wa njia ya Ubundu. Huko angalau watu walikuwa wanalala. Mama yake alibaki Lubunga, na tulipatana kwamba siku zikikaribia nitampeleka, kwa sababu kwao mtoto wa kwanza anapokewa na mama wa mzazi. Tulidhani bado kuna wiki tatu.

Asubuhi moja, jua halijatoka vizuri, mama mmoja muuza pondu, yaani majani ya muhogo, akanigongea mlango. Alikuwa ametoka upande wa shamba letu na kapu lake kichwani.

"Muke yako anaumwa tangu jana," akasema. "Tumbo iko kubwa sana, na dada yako anasema mutoto amekaa mubaya. Nimeshapita kwa mama yake, anakungojea. Lakini musipite pa daraja, eeh! Askari wamefunga. Wanachukua kinga na mutu yake."

Kinga ndiyo baiskeli, kwa Kiswahili chetu cha huku. Niliichukua yangu, nikakimbia nayo badala ya kuipanda, akili zimeniruka.

Mama mkwe nilimkuta amesimama barabarani, kitambaa kichwani, kifurushi cha kazi yake chini ya kwapa. Hakunisalimia. Aliangalia baiskeli kuanzia usukani mpaka gurudumu la nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu, akaisemesha yenyewe ili mwenye nayo, yaani mimi, asikie.

"Kinga, ambia mwenye weye twende."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Tuliacha barabara, tukaingia kwenye njia ya zamani ya plantation ya kahawa, ambayo msitu ulikuwa umeshaitafuna mpaka ikabaki upana wa mabega. Matope yalifika kwenye mnyororo. Mizizi ilinirusha, miiba ya kekele, mmea unaotambaa mitini, ilinichana mikono, na kila baada ya hatua mia kulikuwa na gogo. Mama mkwe alikaa kiubavu kwenye kiti cha nyuma, ameshika tandiko langu kwa vidole viwili tu, asije akanigusa mgongo. Tulipoanguka, na tulianguka mara tatu, kila mmoja alianguka upande wake kwa adabu.

"Kinga," nilimsikia nyuma yangu, "kule Lubunga wanasema mwenye weye ni toleka muzuri. Wanasema vile sababu hawajakupanda."

Nilicheka peke yangu huku jasho likiniingia machoni. Nilianza kumpenda mama yule, nakiri.

Saa mbili hivi za asubuhi tukafika kwenye mto, pale penye kivuko cha zamani. Mto wenyewe si mpana. Mtu angeweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Maji yalikuwa ya kahawia na yalitembea polepole. Mitumbwi haikuwepo. Wenyewe walikuwa wameizamisha kwa mawe ili askari wasiichukue, na kujua imelala wapi ilikuwa siri ya kila mmoja. Mama mkwe alishuka, akaingia mpaka magotini, akayaangalia maji juu na chini. Akarudi.

"Kinga, hapa tunaogelea. Weye tunakuficha mu majani, watakurudilia. Ng'ambo ni saa moja ya mguu, tunafika."

Saa moja ya mguu. Niliyasikia maneno hayo vizuri sana, wala siwezi kujidanganya leo kwamba sikuyasikia. Nilifungua kinywa niseme, mama, mimi maji siyajui, niliwadanganya siku ile. Nikaona uso wa baba mdogo, nikasikia yale makofi. Nikaisemesha baiskeli.

"Kinga, ambia mama mimi siwezi kukuacha. Weye ndiyo chakula ya mutoto. Juu kule, mto unakotokea, kuna waya ya plantation, walikuwa wanavushia magunia ya kahawa. Tutavuka wote watatu."

"Juu kule ni mbali."

"Si mbali, ambia mama."

Nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Kisha akasema, "Bon. Mwenye weye ni mwanaume, anajua njia yake." Akapanda.

Ilikuwa mbali. Ilikuwa saa mbili nzima za kusukuma, kubeba, kupanda na kushuka. Siku nyingine ningesema njia ile ni nzuri: vipepeo wa manjano wametanda kwenye tope, hondohondo wanavuma juu kwa mabawa yao mazito, na hakuna mlio wa bunduki hata mmoja. Mama mkwe hakutania tena. Alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, nadhani ni masaa ya uchungu wa binti yake.

Waya ulikuwepo, namshukuru Mungu, mnene wa chuma, umefungwa kwenye mti mkubwa wa upande wetu ulio juu na kushuka mpaka ukingo wa pili ulio chini. Kigurudumu chake kilikuwa na kutu, na chini yake sanduku la mbao la kupakia magunia. Nililifungia baiskeli ubavuni. Sanduku lilikuwa la magunia mawili, na sisi tulikuwa watu wawili ambao hawaruhusiwi kugusana. Mama mkwe alilitazama kwa muda, akavuta pumzi, akaingia, akageuza uso kwenye maji. Nikaingia nyuma yake, nikageuza uso kwenye mti. Migongo ikagusana. Nikasukuma kwa mguu.

Aisee! Ile kasi! Upepo ulinijaza kinywa, waya ukalia, miti ikakimbia nyuma, na mimi mwanaume mzima nikapiga kelele ya "Mama eeh!" ambayo mama mkwe aliisikia vizuri, na nisingeweza kuisingizia baiskeli. Katikati ya mto kigurudumu kikakutana na fundo la waya uliowahi kukatika na kuungwa. Kikang'ata. Tukasimama kwa kishindo, sanduku likayumba, maji yako chini yetu kiasi cha urefu wa mtu mmoja na nusu.

Tulitikisa. Nikasimama nikapiga kigurudumu kwa ngumi, kwa spana, kwa kiatu. Hakikusogea mbele, hakikurudi nyuma. Jua lilikuwa linapanda. Mama mkwe alingoja mpaka nilipochoka. Halafu akageuka, akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akanisemesha mimi mwenyewe.

"Weye unajua maji ao hujui?"

"Sijui, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayastahili, na ningeyapokea kama dawa. Nikaona anarudi kwa mawazo yake kule chini kwenye kivuko, anaelewa kwa nini tuliondoka pale. 

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba. Nilisikia nguo ikifunguliwa, kisha kitu laini kikanizunguka chini ya makwapa na kukazwa. Ilikuwa liputa yake, kitenge alichokuwa amejifunga. Wanawake wa mtoni huvuta hivyo watoto wadogo wanaojifunza. Alinifunga fundo mgongoni, akashika ncha nyingine, akaruka. Nami nikavutwa.

Nilikunywa mto ule. Nilirusha miguu ovyo, nikamshika bega, nikamshika shingo, nikasahau bokilo na ukoo wote wa Yanonge. Akanizaba kofi. "Lala!" akasema. "Lala chali, angalia juu, usifanye kitu!" Nikalala. Masikio yakaingia chini ya maji, kukawa kimya, na juu yangu nikaona sanduku na baiskeli yangu vinayumba. Mama wa miaka hamsini alinivuta mpaka ng'ambo kama gogo. Tulipogusa mchanga nikatapika, nikalia, nikamwomba msamaha nikiwa nimefumba macho tena.

"Baadaye," akasema. "Tembea."

Bila baiskeli ilikuwa mguu mtupu. Alikwenda mbele na kifurushi chake kinachochuruzika, mimi nyuma. Saa saba tukaona moshi wa jiko la dada yangu.

Dada alitukimbilia. Mikononi alikuwa na mtoto mchanga, amefungwa kwenye shati langu la zamani, mtoto wa kike, mwekundu, ana hasira za kutosha. Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini dada alikuwa analia. "Ni mapacha," akamwambia mama mkwe. "Huyu alitoka tangu saa nne. Mwingine amelala kwa kukingama. Sijui kufanya." Akanisukumia mtoto kifuani, wakaingia wote wawili ndani.

Nikasimama mlangoni, mgongo nimewapa, kwa sababu mwanaume haangalii. Nilisikia sauti ya mama mkwe ikiongoza, chini, bila haraka. Nilisikia mke wangu akilia kilio ambacho sitakielezea. Kisha nikasikia mikono inapiga mwili mdogo, mtu anapuliza pumzi, anapiga tena, anapuliza tena. Muda mrefu sana. Halafu kupiga kukakoma.

"Ni mwanaume," mama mkwe akasema. "Bado ana joto."

Kisha sauti ya mke wangu ikaja, imekwisha nguvu.

"Mama, alikuwa anapiga teke. Mupaka jua ilifika juu, alikuwa anapiga. Nilikuwa namwambia angoje kidogo, koko anakuja."

"Nimesikia, mwanangu."

"Mbona mulichelewa?"

Binti yangu alikuwa ameshika kidole changu na hakiachii. Nilingoja mama mkwe aseme. Ilikuwa haki yake.

"Askari," akasema. "Walitufunga pa daraja."

"Papa wa mutoto," mke wangu akaniita, "ni vile?"

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amemlaza yule wa kiume magotini, amemfunika mpaka kichwa, na alikuwa ananiangalia mimi, macho kwa macho.

"Ni vile," nikasema. "Askari."