Siku Aiguille ya Tano Ilipokataa

Papa, baba yangu, alikuwa aiguilleur kwenye stesheni ya rive gauche, ng'ambo ya mto, pale reli ya kwenda Ponthierville inapoanzia. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkono wa chuma unaosogeza aiguille, yaani vile vyuma viwili vinavyoielekeza treni ipite njia hii au ile. Alitaka nimfuate. Mimi nikaenda shule ya ufundi, upande wa mjini, nikasomea umeme, na nilipomaliza nikabakizwa pale kumsaidia mwalimu. Papa hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza habari za kazi yangu, naye alikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, hata bei ya samaki ambao hakutaka kununua.

Umeme wa mto Tshopo ulikuwa umeshafika shuleni wakati mkuu wetu, Mbelgiji mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, aliporudi kutoka likizo na sanduku la treni ndogo. Hakulileta kwa mchezo. Reli ilitaka aiguilleurs wake waanze kuelewa jinsi aiguille inavyosogezwa kwa umeme, naye alikuwa ameahidi kuwaonyesha. Kuunganisha waya akanipa mimi.

Nilitengeneza meza ya mbao ya vipande viwili vilivyoshikwa na bawaba, ili ikunjwe kama sanduku na kuvushwa kwa kivuko. Juu nikapanga reli. Chini ya kila aiguille nikafunga mota yake: koili mbili za waya mwembamba na kipande cha chuma katikati. Umeme ukipita koili hii, chuma kinavutwa huku. Ukipita ile, kinavutwa kule, na aiguille inakifuata. Kwa hiyo kila aiguille ilikuwa na vitufe viwili, cha kufungua njia na cha kuirudisha. Shuleni zote zilitii. Nilizijaribu mpaka mke wangu akasema hata usingizini vidole vyangu vinabonyeza.

Siku ya kuonyesha tukavuka mto asubuhi. Katika depo ya stesheni, iliyokuwa na jenereta yake, walikuwa wamepanga mabenchi, na wazee wa reli wamekaa na kofia zao magotini. Papa alikuwa benchi la mbele. Nilimsalimu kama nilivyowasalimu wengine. Akaitika kama wengine walivyoitika.

Aiguille ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikwenda vizuri. Nilipobonyeza kufungua ya nne, ikafunguka, lakini ya tano nayo ikafunguka pamoja nayo. Nikazirudisha zote mbili, kila moja kwa kitufe chake. Nikabonyeza kufungua ya tano peke yake. Kimya. Treni ikapita moja kwa moja, ikagonga kizuizi cha mwisho wa njia, ikaanguka.

Wazee wakacheka, si kwa ubaya. Mkuu akainama sikioni mwangu.

"Bon, hiyo ya tano tuiache. Onyesha zile zingine."

Nilimwangalia papa. Hakuwa amecheka. Nikajua nikiiacha ya tano, hiyo ndiyo atakayorudi nayo nyumbani.

"Monsieur, naomba muda kidogo. Nitaitafuta hapa hapa, mbele yao."

Mkuu akavua koti. "Alors, fanya."

Tukaisimamisha meza kwa ubavu, waya zote zikawaelekea watu kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa. Nikaanza kusema kwa sauti kila ninachofanya. Nikawaambia: ya tano inarudi kwa kitufe chake, kwa hiyo transfoma inayoipa meza umeme ni nzima, na waya wa pamoja wa kurudishia umeme ni mzima. Inafunguka tukibonyeza ya nne, kwa hiyo koili nayo ni nzima. Mota tusiiguse. Ugonjwa uko njiani, kati ya kitufe na mota.

Mkuu akachukua tochi, akapiga magoti karibu nami, akanimulikia. Nikasikia minong'ono kwenye mabenchi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona Mzungu akimshikia Mweusi taa.

Kwenye kibao cha skrubu, ambako waya za vitufe hukutana na waya za mota, nilikuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kuliko unywele, umechomoka na kulala kati ya skrubu ya nne na ya tano. Hapo ndipo umeme wa nne ulipovukia kwa jirani. Nikautoa, nikabonyeza. Ya nne ikafunguka peke yake. Nikabonyeza ya tano. Kimya tena, na sasa hata ya nne haikuweza kuisaidia.

"Umeongeza kuharibu," mzee mmoja akasema.

Papa akamjibu bila kugeuka. "Muache. Iko anatafuta."

Nikachukua balbu ndogo niliyoifungia waya mbili, kuona umeme unaishia wapi. Kwenye kitufe cha ya tano, balbu iliwaka. Kwenye skrubu yake, haikuwaka. Kwa hiyo waya ulikuwa umekatika katikati, ingawa kwa nje ngozi yake ilikuwa nzima. Nikaufuata kwa vidole mpaka kwenye bawaba. Nilipouvuta pale, ukarefuka kama mpira. Ndani shaba ilikuwa imekatika, kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Makosa yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili.

Nje kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga mikate. Akakubali niweke chuma changu cha kulehemu kwenye mbabula yake, jiko la makaa. Nikakata pale palipokatika ndani, nikaunga kipande kipya, kirefu zaidi ili kisivutwe tena, nikalehemu, nikafunga utepe. Tukailaza meza.

Nilikuwa nanyoosha mkono kubonyeza, papa akasimama.

"Ni mimi nitafinya."

Akaja na kidole chake kikubwa, kigumu kwa miaka ya chuma, akafinya taratibu kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Aiguille ya tano ikaruka upande wake. Treni ikaingia njia ya depo, ikasimama. Papa akairudisha, akaifungua tena, akairudisha. Kisha akawageukia wenzake.

"Huyu ni mutoto yangu," akasema. Baadhi yao walikuwa wananijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Akawaambia hata hivyo.

Jioni nilikula kwa wazazi wangu, liboke, samaki aliyefungwa majani na kuchomwa, pamoja na ndizi. Papa alimweleza mama jambo lote, na kulieleza vibaya: alisema niliuita umeme nikauonya usipite kwa jirani. Sikumsahihisha.

Baada ya hapo reli iliomba nivuke mto kila wiki kuwafundisha aiguilleurs wake. Papa alijiandikisha, ingawa hakuwa mbali na kustaafu. Darasani aliniita Monsieur, akanyoosha mkono kabla ya kuuliza, na aliuliza kuliko wote. Wengine walichoka naye. Mimi nilimjibu kila swali, nikiwa nimesimama wima, shati limepigwa pasi.