Hazina Budi

Juzi nilikuwa Kibenga kwa binti yangu, nimekaa kwenye kiti chake kizuri, nakunywa chai na andazi. Mjukuu akafungua habari kwenye simu. Akatoka mwanamke mmoja, Kiswahili chake kimenyooka, kila h iko mahali pake, anasema Baraza la Usalama limekutana, mataifa makubwa hayakuelewana, mipaka ya huku kwetu haijatulia. Maneno yale yale, rafiki yangu, tangu nikiwa mtoto. Maneno nimeyazoea, sauti ndiyo iliyonichoma. Binti yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, ninaona wivu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye anafikiri wivu ni ugonjwa wa wasichana, ukizeeka unapona.

Basi wewe nikuambie, kwa sababu wewe hutacheka, au utacheka kwa adabu.

Tulikaa mtaa wa Bwiza, miaka ile baada ya uhuru, wakati wazee bado waliuita mji huu Usumbura na ukiwasahihisha wanakutazama tu. Nyumba yetu ilikuwa na baraza ya sementi nyekundu ambayo mama alinifanya niisugue kila Jumamosi mpaka magoti yakawa na rangi ile ile. Baba alikuwa kapita bandarini, yaani mkubwa wa wapakuzi. Boti za Kigoma zikifika na chumvi na magunia ya karanga, yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele toka asubuhi. Kwa mabaharia alipata kitu ambacho kwa avenyu yetu yote kilikuwa kwetu peke yetu: gazeti la Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Lilifika limechelewa, limelowa pembeni, linanuka dagaa. Baba hakujali. Alisema samaki ndiyo huoza, maneno hayaozi.

Jumapili baada ya misa, baraza ilijaa. Mama alipika maharage na mawese, mimi nilichambua mchele wa Buterere wenye mawe kuliko mchele, na watu walikuja na viti vyao kichwani. Hawakuja kusikiliza mpira wala matangazo ya sabuni. Walikuja kwa ukurasa mmoja tu, ule ulioandikwa Maoni, ambamo bwana mmoja tusiyemjua sura aliwafundisha wakubwa wa dunia namna ya kuishi. Leo anawakaripia Wamarekani, kesho Warusi, keshokutwa anawauliza Wabelgiji kama walisahau kitu Kongo.

Usifikiri tulikuwa wasomi. Mwisho wa avenyu yetu, siku isiyo na ukungu, ungeweza kuona milima ya Uvira, upande wa Kongo, na huko kulikuwa na vita. Bibi yangu, mama yake baba, alivuka kutoka kule na sufuria moja na kitenge alichovaa. Nusu ya watu wa pale barazani walivuka hivyo hivyo. Kwao Maoni yalikuwa barua ya nyumbani. Walitaka kujua jambo moja: watarudi, au watabaki hapa karibu na ziwa wakiitazama milima yao, au watasukumwa kwingine. Kila Jumapili waliingojea habari hiyo.

Bibi alisikiliza huku akichuma majani ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Siku aliyosikia kwa mara ya kwanza kwamba mambo ya Kongo yako mbele ya Baraza la Usalama, aliinua kichwa. Kwetu sisi baraza ni hii hii ya kukalia, mbele ya mlango. Akauliza kwa utulivu kabisa, "Kama wakubwa wote wako ku baraza, mu nyumba muko nani?"

Watu walicheka, kisha wakaanza kubishana. Jirani yetu mmoja, mama muuza ndagala, ndio dagaa wenyewe, akasema mu nyumba tuko sisi, na mulango umefungwa kwa nje. Walibishana mpaka maharage yakaungua.

Sasa nani alisoma? Hapo ndipo kidonda changu. Baba alijua kusoma, tena alisoma gazeti lote njiani akisukuma baiskeli, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kuwapigia kelele wapakuzi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa masista. Gazeti liliingia kwa mkono wa baba yangu, likasomwa kwenye baraza niliyoisugua mimi kwa magoti yangu. Nani mwingine asome?

Nilisoma mara moja. Jumapili moja tu. Nilisoma kama tunavyosema nyumbani: mtu nikamwita mutu, hapana nikasema apana, na neno likiwa gumu nililigeuza palepale likawa letu. Ilikuwa habari ya vita ya kule kwao Uvira, vijiji na barabara wanazozijua. Nilipofika katikati, muuza ndagala akajifunika uso kwa kitenge. Bibi aliinuka, akaingia ndani, na jioni hakula. Nilijua tu kwamba nimesoma vibaya. Jumapili iliyofuata baba alipita mbele yangu na gazeti, nami mkono nimeshaunyoosha, akampa yule mwingine.

Yule mwingine alikuwa binti wa fundi cherehani. Walitoka Kigoma, wakapanga chumba cha nyuma, na fundi akaweka mashine yake pembeni ya baraza yetu. Yetu, unanisikia? Binti alikuwa rika langu, mwembamba, gauni lake halina kiraka kwa sababu baba yake ni fundi. Hakuwa na kiburi, na hilo lilinikera zaidi. Ningekuwa na raha kidogo kama angekuwa na kiburi. Alipofungua mdomo kusoma, watoto wa mtaa mzima waliacha kucheza. Alisema "hapana" mpaka ile h unaihisi shavuni. "Hali kadhalika," alisema. "Aidha." "Licha ya hayo." Wazee walitikisa kichwa kwa raha. Sikia mutoto anavyosoma, walisema. Sikia Kiswahili ya kweli.

Theluthi moja ya maneno hawakuyaelewa. Ninaapa. Siku aliposoma kwamba taifa fulani limepiga kura ya turufu, wote walikaa kimya kama kanisani mpaka fundi alipoeleza kwamba turufu ni ile karata yenye kula zote, ambayo sisi tuliiita atu. Ah, atu! Wakafurahi. Mimi sikusoma neno lolote lililohitaji kuelezwa, na hakuna aliyenisifu.

Nilimwonea wivu mpaka nikakonda. Bibi alikuwa akichoma mukeke, samaki wa ziwa letu, Jumapili, na ile sehemu ya tumbo yenye mafuta, ambayo kwa haki ya damu ilikuwa yangu, alimwekea yule. Alisema msomaji lazima alainishe koo. Basi nikaanza kujifundisha. Mama akinituma kupuliza moto, nilipuliza kwa maneno: hapana, habari, halafu, hususani. Majivu yalinijaa machoni, ugali ukachelewa, mama akauliza moto huu una pepo gani. Kila jioni, mwaka mzima, nilikuwa nyuma ya jiko nikitafuta ulimi wa mtu mwingine.

Ikafika Jumapili ambayo sitaisahau. Mvua ilikuwa imepita, baraza bado ina maji, watu wamejaa kuliko siku zote kwa sababu ilisemwa sokoni kwamba Maoni ya safari hii yanahusu watu waliovuka ziwa. Baba alifika na gazeti kwapani. Mkono wangu sikuunyoosha; niliusokota kwenye gauni. Akampa binti wa fundi. Binti akasoma vizuri kuliko siku zote, mataifa, silaha, ujirani mwema, mpaka akafika hapa, na nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake kwa hiyo niliyaona maneno kwa macho yangu: serikali za kando ya ziwa hazina budi kuwahamishia bara wageni wote waliovuka, mbali na mpaka, kwa ajili ya usalama.

Hazina budi. Neno budi hakuna aliyelijua pale, wala mimi. Lakini hazina walilijua, walikuwa wamewasikia wafanyabiashara wa Ujiji: hana, hawana, hazina. Muuza ndagala akawa wa kwanza. Akasema budi ni nguvu. Serikali hazina nguvu ya kutuhamisha! Mwingine akasema apana, budi ni ruhusa, lakini ni kitu kimoja, hazina. Wakapiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia. Bibi aliinua mikono yake yenye majani ya lengalenga, akamshukuru Mungu, akamshukuru na yule bwana wa Maoni kwa moyo wake mzuri. Mwandishi akaendelea na methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao wakacheka sana kwa kuwa walifikiri wageni wa hapo ni wale askari wa kizungu waliokodishwa kwenda kupigana Kongo.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa na kazi ya kumwangalia adui yangu. Nikaona hakuinua kichwa. Alimaliza ukurasa, akaukunja, akaukunja tena. Baba yake alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.

Jioni nilimfuata baba uani, anasafisha baiskeli. Yote yakanitoka. Nilimwuliza kwa nini asome mwingine, gazeti ni lake, baraza ni yake, na mtoto wake yuko hapa. Nilimwambia nimejifunza, ninaweza kusema hususani. Hakucheka. Aliendelea kupangusa mnyororo, akaniuliza kama ninajua maana ya hazina budi. Nikasema si hawawezi? Akasema miaka yote ile na watu wa boti za Kigoma amejifunza neno hilo: hazina budi ni lazima. Lazima watuhamishe. Bwana wa Maoni alikuwa anaziomba serikali ziwaondoe watu kama bibi kando ya ziwa, ziwapeleke mahali ambapo hutaona mlima wala maji.

Kisha akasema, kwa ile sauti yake iliyokwisha, "Ule akisoma, watu wanafurahi. We ukisoma, watu wanasikia. Mi sitaki mama asikie."

Nilisimama pale na wivu wangu, sijui niupeleke wapi. Nilikuwa nimepokonywa kwa sababu nilisoma vizuri. Nani anafarijika na jambo kama hilo? Mimi sikufarijika. Nilizidi kumwonea wivu binti wa fundi: yeye alikuwa anajua maana, akaibeba peke yake mbele ya makofi yote yale, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Fundi na binti yake walirudi Kigoma mwaka uliofuata, na sikuwahi kumsikia tena. Baraza yetu mwenye nyumba mpya ameizungushia matofali na geti la chuma, ndani ameegesha gari. Hakuna mtu anayebeba kiti kichwani kwenda kusikiliza maoni ya mtu asiyemjua. Kila mmoja ana simu yake, anasikia habari za mpaka peke yake kitandani, na akikosea maana hakuna muuza ndagala wa kukosea naye. Hata kosa lile ninalionea wivu, jinsi lilivyowafurahisha watu wengi kwa pamoja. Bibi alikufa pale pale Bwiza, hakuhamishwa na mtu, na siku zake za mwisho bado alitaka kiti chake kigeuziwe upande wa Uvira.

Lakini kabla ya hayo yote, siku chache tu baada ya makofi, aliniita. Mama alikuwa sokoni, baba bandarini. Bibi alikuwa amekaa barazani na lile gazeti mapajani. Alikuwa amemwomba baba, naye hakuthubutu kumnyima. Akaniambia ule mutoto wa Kigoma anasoma vizuri ila anasoma mbio. Alitaka kusikia tena polepole pale pa kuhusu watu waliovuka, apaweke moyoni. "Unisomee we," alisema, "kwa luga yetu, nisikie muzuri."

Mwaka mzima nilikuwa nimengojea mtu aniambie vile. Nikalipokea gazeti. Alikuwa ananitazama mdomo, mikono yake imetulia, hana hata jani la kuchuma. Maneno yetu yalikuja yenyewe ulimini, lazima wabahamishe, nikayameza. Nikanyoosha shingo. Nikasoma kwa h zote na z zote, kwa ulimi wa majivu ya jikoni, bila kugeuza hata neno moja: serikali za kando ya ziwa hazina budi kuwahamishia bara wageni wote waliovuka.

Bibi alifumba macho, akatabasamu.

"Leo unasoma sawa na ule mutoto wa Kigoma," akasema.

Nikasema asante, bibi, nikaendelea kusoma.