Bega la Mpimaji

Tangu tangi la upepo lipasuke pale kwenye mashine ya kusaga nafaka anakofanya kazi mume wangu, karibu kabisa na alipoinama, nyumbani kwetu hakukaliki. Hakutoka hata tone la damu. Kilichobaki ni mluzi ndani ya sikio, na yeye anautafuta nje: anakaza bomba ambalo halivuji, anachomoa friji, anafungua dirisha kuangalia nani anachemsha birika kwa jirani. Akiketi, goti linacheza. Mimi nami nimeambukizwa. Sahani ikianguka tu, roho mkononi.

Daktari alimpa dawa, akamkataza kelele, akasema arudi kupimwa. Maneno mengine alinieleza mimi, kwa sababu mwenzangu alikuwa akiitikia tu bila kusikia: akirudi kwenye kelele kabla sikio halijatulia, hata hicho kidogo kilichobaki kitakwenda. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kipimo cha kuamua kama atarudi kazini. Nilipoamka nikamkuta ameshavaa viatu.

"Mama watoto, leo nimepona," aliniambia njiani, akitembea mbele kama mtu anayefukuzwa. "Wewe kazi yako kunyamaza tu."

"Lini umeniona nimenyamaza?" nikamjibu. Hakusikia, au alijifanya hasikii. Siku hizi sina njia ya kujua.

Chumba cha kupimia kina kibanda kidogo chenye kioo. Akaingia humo, akavishwa hedifoni, akapewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mpimaji, binti wa rika la kitindamimba wetu, alikaa nje na mashine yake, mimi nyuma yake. Binti akabonyeza kutoa mlio, mume wangu naye akabonyeza kitufe chake, na taa ya kijani juu ya kibanda ikawaka. Ikawaka tena. Kila mlio, taa.

"Mzee yuko vizuri," binti akasema, akaanza kuandika.

Nilitaka kufurahi. Lakini macho ya mume wangu yalikuwa kwenye bega la yule binti, lililoinuka kidogo kila alipobonyeza, na macho hayo nayajua. Kwenye mashine ya kusaga hakuna anayemsikia mwenzake. Miaka yote wanasemezana kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi. Bega likicheza, wameshaelewana. Sidhani hata kama alikuwa anadanganya. Alifanya alivyozoea, na alikuwa anafaulu, na kufaulu kule kungemmaliza.

Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikaogopa kumwaibisha mbele ya mtoto wa watu. Mwisho nikapiga moyo konde.

"Mwanangu," nikasema, "hebu sogea mahali asipoweza kukuona. Halafu mpime upya."

Binti akanitazama, akamtazama na mume wangu, kisha akavuta kiti na mashine mpaka ubavu wa kibanda usio na kioo. Mimi nikabaki kwenye kioo, nikiwaona wote wawili. Binti akabonyeza. Akaongeza sauti, akabonyeza. Akaongeza tena na tena, mpaka mashine ikafika mwisho wake. Taa haikuwaka. Mume wangu alikuwa amekaa wima, kidole juu ya kitufe, ananitabasamia.

Baadaye akafungua mlango wa kibanda, akachungulia nje.

"Binti kaenda wapi?" akaniuliza, kwa sauti kubwa kuliko chumba chenyewe. "Mwambie mimi niko tayari, tuendelee."