Mwizi Aliyeanza na Shikamoo

Kila Desemba, watoto wote wa mama mkwe wangu wakishapanda Kilema, kule mlimani, kwa ajili ya Krismasi, mume wangu hukusanya simu za familia. Huzipanga kwenye meza ya sebuleni, huvaa miwani, na kuanza kuzikagua moja moja kama bwana mifugo anayechanja ng'ombe. Kazini kwake ndiye anayesimamia kompyuta, na jambo hilo halijawahi kuwa siri kwa mtu yeyote. Mwaka ule alikuwa amenunua antivairasi ya familia nzima, ile ya kulipia, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa nyama kabla simu yake haijawekewa. Ikishakubali, ilionyesha ngao ya kijani na maneno: Uko salama.

"Inazuia nini?" mama mkwe alimuuliza.

"Wezi wa mtandaoni, mama. Hakipiti kitu."

"Na hawa wanaokata ndizi zangu kule bondeni?"

Mume wangu alimweleza, kwa subira ya mtu aliyehudhuria semina nyingi, kwamba hao ni wezi wa aina nyingine.

Sikukuu ikaisha, tukarudi kwetu Njoro, huku chini mjini, na sauti za mama mkwe zikaendelea kuingia kwenye kundi la familia la kwenye simu. Mama haandiki. Hurekodi, tena kwa Kichagga, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mimi nilizaliwa huku chini kwenye mashamba ya miwa, kwa wazazi waliotoka mkoa wa mbali kufanya kazi kiwandani, na Kichagga changu ni cha kununulia ndizi tu. Kwa hiyo humuuliza mume wangu mama amesema nini. Rekodi yaweza kuwa ndefu kama mahubiri, naye hunijibu, "Anatusalimu."

Kisha, asubuhi moja ya masika, mama aliandika. "Habari za asubuhi wapendwa wangu. Mungu awabariki sana."

Kundi zima likashangaa. Wifi yangu mkubwa alisema hayo ni matunda ya Kwaresima. Shemeji wa Dar akatuma picha za maua. Mimi nikajipa moyo nikamuuliza hali ya kifua chake, akanijibu papo hapo: "Naendelea vizuri, mkwe wangu mwema. Asante kwa kunijali." Niliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Katika ndoa yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kuelewa ujumbe wa mama mkwe bila mkalimani, na kumbe alikuwa mtu wa upole hivi.

Jioni yake tulikuwa tunakula mtori wa ndizi. Simu ya mume wangu ikalia. Akasoma, akaweka kijiko chini.

"Mama ameniita mwanangu mpendwa," alisema.

"Anataka nini?"

"Kuna ujumbe wa tarakimu zake umeingia kwangu kwa bahati mbaya. Anaomba nimrudishie."

Akazirudisha, macho yakiwa na unyevu kidogo. Muda si mrefu simu ikamtoa kwenye akaunti yake mwenyewe. Akafungua antivairasi, akaiamuru ichunguze kila kona. Ngao ikazunguka, ikatulia. Hakuna tishio lililopatikana.

"Safi," alisema. Akaizima simu, akaiwasha, akachunguza tena. "Safi kabisa."

Wakati huo, kwenye simu yangu, ndani ya kundi la familia, yeye huyo huyo alikuwa anamwomba dada yake, kwa heshima kubwa, amrudishie tarakimu zilizopotea njia.

"Wewe uko hapa mezani," nilimwambia, "na huku unaandika."

Ndipo alipompigia mama simu ya kawaida. Mama alipokea akiwa amekasirika: tangu jana akitaka kurekodi, simu inamwambia ajisajili upya.

"Kuna mtu alikupigia, mama?"

"Kijana wa hiyo dawa yako ya simu. Alisema muda wake unaisha, nimsomee namba zilizoingia ili aniongezee."

"Kwa nini ulimpa mtu usiyemjua?"

"Aliniamkia. Akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Wewe ng'ombe hujamuuliza tangu Krismasi."

Namba zile ndizo zilizokuwa ufunguo wa akaunti ya mama, na ngao haikuzilinda. Ilikuwa imekaa ikisubiri virusi, na hakuna kirusi kilichokuja. Alikuja mtu mwenye adabu.

Tuliwapigia ndugu wote usiku ule. Wifi alikuwa ameshatoa tarakimu zake. Ilibidi kusubiri siku kadhaa, maana mwizi aliweka nywila yake, lakini mwishowe akaunti zilirudi. Mume wangu alipanda Kilema kumsajili mama upya, akamsomea yote yaliyoandikwa kwa jina lake. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Anaandika vizuri," alisema. "Huyo amesoma."

Kisha akatunga sheria yake: yeyote atakayemwomba kitu kwa simu ataulizwa kwanza swali kwa Kichagga. Wa kwanza kunaswa alikuwa mjukuu wake, anayesoma chuo Dar. Aliulizwa nyuma ya zizi kuna mgomba gani, bibi akitegemea kusikia mchare, aina ya ndizi za kupika. "Bibi, si ndizi tu?" alijibu kwa Kiswahili. Bibi akakata simu. Baba yake alipopiga kuthibitisha kwamba binti ni wake, naye akaulizwa swali. Mume wangu alilipia antivairasi mwaka mwingine.

Zamu yangu ilifika nilipopiga kuomba mbegu za maharage. Mama akauliza kitu kirefu kwa Kichagga.

"Mama, sijaelewa," nilisema.

"Ni wewe," alijibu kwa Kiswahili. "Mwizi angejaribu kujibu."

Akaendelea kunieleza, polepole, jinsi mvua ya wiki ile ilivyolaza maharage yake.