Mwani Uliopungua

Kwa nini, nilipoona kitu kimepungua, nilimtafuta mwizi kwanza? Hadi leo sijui.

Jana binti yangu alikuwa akikokotoa nishati inayotoka atomu ya urani inapopasuka. Alijumlisha tungamo la vipande vyote, akakuta halifikii la mwanzo. Akacheka: "Mama, nani kaiba?"

Nilimjibu kwamba hakuna mwizi, kilichopungua ndicho kilichogeuka nishati. Kisha nikamkumbuka Bi Mize wa kijiji cha Chwaka, jirani aliyekuwa akimwanikia shangazi yangu mwani.

Nilikuwa mtoto wa mjini, hodari wa hesabu, niliyekwenda likizo kwa shangazi. Niliupima mwani ukiwa mbichi. Alasiri ulipokauka, uani kote kukinuka chumvi, niliupima tena.

"Bi Mize kaiba!" nilipaza sauti mbele ya wanawake.

"Mjinga we, jua limekunywa maji!" shangazi alinikemea. Wote walicheka, isipokuwa Bi Mize. Alisimama, akakung'uta kanga yake taratibu ili waone hakuficha kitu. Sikumtaka radhi.

Asubuhi ya leo nilibisha hodi kwake.

"Shikamoo, Bi Mize. Nimekuja kukutaka radhi, kwa ule mwani."

"Marahaba," aliitika, akakung'uta mkeka ili nikae.