Upepo wa Matairi na Kilo za Shangazi

Gari langu lilikuwa na viti viwili, na vuli ile kimoja kilikuwa cha shangazi. Alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na daktari alimkataza kushika usukani mpaka macho yote mawili yatulie. Kwa hiyo kila Jumapili nilitoka katika ghorofa letu la Cedar-Riverside, nikalipita kanisa, nikaenda hadi Oakdale kumchukua, kisha nikarudi naye Frogtown, katika jengo tuliloazimwa kwa ibada ya Kiswahili. Anayeijua ile miji miwili pacha ya Minnesota atasema huo ni mzunguko usio na maana. Kwangu ulikuwa sehemu bora ya juma.

Nililinunua gari lile mwishoni mwa kiangazi kwa fundi wa maabara aliyekuwa akihamia kusini. Lilikuwa jekundu, la michezo, fupi kiasi kwamba shangazi aliingia kwa kushikilia paa na kujishusha kama mtu anayekaa mkekani. Minnesota haina watu wengi wanaotaka gari jepesi linalosukumwa na matairi ya nyuma, theluji ikiwa inabisha hodi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi wa mitambo, nikiandika tasnifu juu ya mitetemo ya mashine zinazozunguka. Niliamini kwamba kitu ninachokielewa hakiwezi kunidhuru.

Jumapili moja ya Oktoba tulikuwa tunaingia barabara kuu kwa ile njia inayojikunja. Mwendo wangu ulikuwa ule ulioandikwa kwenye kibao. Nalitaja hili kwa sababu nimelichunguza mara nyingi kuliko linavyostahili. Majani yaliyolowa yalikuwa yametanda kwenye kona. Ghafla nyuma ya gari ikatuacha. Sijapata namna bora ya kulieleza: mbele ilikuwa inakwenda kanisani, na nyuma ilikuwa imeamua kutangulia. Tukazunguka, tukasimama kwenye nyasi za pembeni, tukitazama tulikotoka. Hakuna gari lililotugusa. Mkoba wa shangazi ulikuwa umeanguka miguuni, akauokota, akaipangusa miwani yake myeusi, akasema, “Twende. Tutachelewa kuimba.”

Niliendesha polepole hadi Frogtown, na niliposimama kuimba bado nilikuwa naipigia hesabu ile kona.

Mtu mwingine angesema ni majani, akamshukuru Mungu, akaendelea na maisha. Mimi nilihitaji namba. Jumatatu nilishuka kwenye gereji iliyo chini ya ghorofa letu nikiwa na geji ya upepo. Kibao kilichobandikwa ndani ya fremu ya mlango kilisema matairi yote manne yajazwe paundi ishirini na sita. Geji ikasoma thelathini na sita. Nikakumbuka kwamba nilipobadilisha matairi mwezi uliotangulia, walionibadilishia waliyajaza kama wanavyojaza gari lolote linaloingia pale, nami sikupima. Tairi lililojaa kupita kiasi chini ya gari jepesi hukanyaga lami kwa kitovu chake tu, kama mtu anayenyata kwa ncha za vidole. Juu ya majani yaliyolowa, mtu wa namna hiyo huanguka.

Nafuu niliyoipata pale gerejini naionea haya. Niliketi sakafuni kando ya gurudumu nikatabasamu peke yangu. Hakuwa mtu aliyekosea, ulikuwa upepo.

Ningepunguza hadi ishirini na sita, nikafunga vizibo na kupanda juu kulala, habari ingekuwa imekwisha. Lakini kibao kilisema kipimo ni cha tairi baridi. Kwa watu wetu wa Minnesota baridi ni Januari. Kwa waliolitengeneza gari ni tairi ambalo halijatembea. Sawa. Ila tairi ambalo halijatembea katika gereji yenye joto si sawa na tairi ambalo halijatembea nje ya nyumba ya shangazi, ambako maji aliyowawekea ndege bustanini yalikuwa yameanza kuganda alfajiri. Upepo husinyaa kwa baridi. Ishirini na sita ya gerejini ingekuwa ishirini na tatu Oakdale. Je, nijaze zaidi ndani ili nipate kipimo sahihi nje? Na tukishatembea, matairi yakapata moto, kisha yakasimama ibada nzima kwenye upepo wa Novemba? Halafu kuna mbele na nyuma. Kwenye mtandao, wenye magari kama langu walikuwa wakigombana: mmoja aliapa kwamba nyuma ipungue paundi mbili ili ishike barabara, mwingine akaapa kinyume chake na kumwita wa kwanza muuaji. Niliwasoma wote. Nilitenga asubuhi za tasnifu kwa kazi hiyo, nikijiambia kwamba ni usalama wa shangazi ninaoushughulikia.

Nilipofika kwenye suala la uzito nikakwama. Katika gari zito abiria mmoja hajulikani kama yupo. Katika langu alikuwa sehemu ya mtambo. Uzito wangu niliujua. Wake sikuujua.

Jumapili iliyofuata tulienda salama, matairi yakiwa na upepo wa kibao. Baada ya ibada tulishuka ukumbi wa chini kunywa chai. Mezani palikuwa na watu wa kwaya, na miongoni mwao mama mmoja wa sauti ya tatu ambaye hakuna msiba wala harusi iliyomshinda kuitania.

“Tumesikia mlizungushwa,” aliniambia. “Nini hasa?”

“Ni upepo,” nikasema. “Ulizidi.”

Akaweka kikombe chini. “Upepo wa pampu au wa kupungwa? Maana kama ni wa kupungwa, mchungaji yule pale, chai yenyewe hajaimaliza.”

Meza nzima ikacheka, na shangazi akacheka. Ilikuwa nafasi yangu nami nicheke. Badala yake nilieleza. Nilieleza thelathini na sita na ishirini na sita, nikaeleza gereji na Oakdale, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza nilidhani wanafuatilia. Kisha nikamgeukia shangazi, mbele ya wote, nikamuuliza kwa sauti ileile ninayomuulizia msimamizi wangu wa maabara:

“Shangazi, una kilo ngapi?”

Kwetu mtu huambiwa amenenepa, akashukuru. Kilo ni jambo jingine. Kilo ni za sukari, za watoto wachanga kliniki, na za wagonjwa. Na shangazi alikuwa muuguzi wa kitengo cha kusafisha figo; kazi yake ilikuwa kumpandisha mgonjwa kwenye mzani kabla ya kumwunganisha na mashine, na kumpandisha tena baada ya kumtoa, ili ijulikane maji kiasi gani yametoka mwilini. Yeye ndiye aliyekuwa akipima watu.

“Za nini?” aliuliza.

“Za hesabu ya matairi. Nikijua uzito wa upande wa abiria, nitajua—”

“Kumbe ni mimi niliyeligeuza gari.”

“Sikusema hivyo, shangazi. Nasema tu uzito ukiongezeka upande wa kulia—”

“Endelea,” alisema. “Naona unanitakasa.”

“Jamani,” yule mama wa kwaya akasema, “mtoto asomeshwe mpaka mwisho wa kusoma, arudi ampime shangazi yake kama gunia la mahindi.”

Wakacheka tena. Shangazi naye alicheka, kwa ile adabu ya mtu aliyekanyagwa mguu katikati ya sala. Mama mmoja Mkenya, aliyeishi Maplewood na kuja kanisani kwa gari kubwa la familia, akamgusa bega: “Si ukuje na mimi, sista? Kwangu na kwako ni hapo tu. Nita-drive pole pole.”

“Nitashukuru,” shangazi akajibu. Akachukua mkoba wake.

Nilirudi Cedar-Riverside peke yangu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupima, nilipima hata njiani: gari lilikuwa tulivu zaidi kwenye kona, jepesi zaidi kuitikia usukani. Niliona hilo, nikaona haya kwa kuliona.

Jumamosi iliyofuata simu yangu ya kukunja iliita, ni shangazi. “Usijisumbue kesho, mama. Nimepata lifti.” Juma lililofuata akasema hivyohivyo, kwa upole uleule, na upole ndio ulionimaliza. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika nchi ile, akanilaza katika chumba chake cha chini mwaka mzima, akanifundisha kufunga skafu kabla ya kofia. Sikuwa na mtu mwingine wa damu yangu upande ule wa bahari. Jicho la pili lilikuwa likipona. Likishapona angeendesha mwenyewe, asingekuwa na haja tena ya kuketi kando yangu, na neno la mwisho kati yetu juu ya gari lile lingebaki kuwa kwamba yeye ndiye aliyeligeuza. Hicho ndicho nilichokiogopa: kiti kile kisipokaliwa kabla jicho halijapona, hakitakaliwa.

Nilijaribu kutunga msamaha. Kila nilioutunga ulikuja na tanbihi. Nisamehe, ingawa kwa upande wa hesabu swali lilikuwa na msingi. Nisamehe, kwa kuwa sikutambua kwamba muktadha haukuruhusu. Nilikuwa nikitembea kando ya reli ya treni mpya ya umeme nikiyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, na watu wakanipisha.

Asubuhi ya Jumamosi ya tatu nilikwenda Oakdale bila taarifa. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake, nikakaa ndani mpaka vioo vikaingia ukungu, kwa kisingizio nilichojipa kwamba nasubiri matairi yapoe. Kisha nikatoka na geji, nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, upande wa abiria. Mlango wa nyumba ukafunguka. Shangazi alitoka na khanga chini ya koti la baridi, kikingio cha plastiki kikiwa kimebandikwa juu ya jicho la kushoto.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umekuja na mzani?”

“Hapana. Nimekuja kuomba radhi.”

“Ziombe basi.”

“Lile swali, shangazi, ingawa kwa upande wa—”

“Mh.”

Nikasimama wima. “Nisamehe,” nikasema, na nikaweza, kwa shida, kuishia hapo.

Shangazi alikuwa akiitazama geji mkononi mwangu kwa jicho moja, jinsi muuguzi anavyotazama kifaa cha kitengo kingine.

“Hicho ndicho kinachopima?”

“Ndicho.”

“Tairi la upande wangu lina ngapi?”

Niliinama nikapima. “Ishirini na sita.”

“Hiyo ni kabla,” alisema. Akaja, akafungua mlango, akashikilia paa, akajishusha kitini na khanga yake na koti lake, akafunga mlango. Kioo kikashuka. “Sasa pima baada.”

Nilijua jibu kabla sijainama. Mtu akiketi garini, tairi hubonyea kidogo chini na kukanyaga eneo kubwa zaidi la ardhi. Upepo ulio ndani yake hauongezeki kiasi ambacho geji ya mkononi inaweza kukiona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Niliinama hata hivyo, nikabana, nikasoma.

“Ngapi?”

“Ishirini na sita.”

“Ileile?”

“Ileile.”

“Pima tena. Usije ukasema uliona vibaya.”

Nikapima tena, nikisikia ule mlio mdogo wa upepo unaotoroka. Ileile. Nilikuwa na sentensi mdomoni kuhusu eneo la tairi linalogusa ardhi. Ilikuwa sentensi ya kweli, isiyo na kosa hata moja, na ingemrudishia shangazi kilo zake zote mapajani. Nikaimeza. Haikuwa rahisi kumezwa.

“Haikusogea,” nikasema.

“Basi na wale wa chai wajue.” Alikuwa akitazama mbele, barabarani, kama mtu ambaye gari lake limechelewa kuondoka. “Kesho uje mapema. Sipendi kuingia wimbo umeanza.”

Kesho yake nilimchukua. Kwenye kona ile nilipunguza mwendo kuliko kibao kinavyotaka, na nyuma yetu mtu akapiga honi. Shangazi aliushika mkoba wake kwa mikono miwili tangu mwanzo wa kona hadi mwisho wake. Tulipokwisha kuingia barabara kuu aliuweka tena miguuni.

Chini ukumbini nilisubiri chai imiminwe. Nilikuwa nimeandaa maneno machache, na uso ulikuwa tayari umepata moto.

“Lile jambo la matairi,” nikasema, “nilikosea. Shangazi hakuhusika. Nimepima.”

Yule mama wa kwaya akainua macho kutoka kwenye andazi lake. “Umempima?”

“Nimepima, ndiyo. Tairi, maana yangu. Akiwa ndani na akiwa nje.”

“Umempima,” akarudia, akiwageukia wenzake, ili asikose hata mmoja. “Na ni ngapi?”

Nilitazama meza, nikahisi masikio yananiwaka, na nikaanza, Mungu anisamehe, kutafuta namna ya kueleza tofauti kati ya upepo na uzito.

“Ishirini na sita,” shangazi akasema, akavuta bakuli la sukari.